Ergash Atafuta Watu wa Kula Nao

Ergash fundi bati alikuwa ameacha unga wa kulevya mara mbili kabla ya mara hii ya tatu, na mara zote mbili aliurudia siku ya Alhamisi. Jambo hilo aliligundua mwenyewe, amekaa dukani kwake mjini Osh, anakunja bomba la jiko, nyundo ikabaki hewani. Alhamisi ya kwanza. Alhamisi ya pili. Akajiuliza: hii Alhamisi ina nini na mimi?

Kwa mtu wa Osh jibu haliko mbali. Alhamisi ilikuwa siku ya gashtaki yake. Gashtaki ni wale uliokaa nao dawati moja, mkaota ndevu mwaka mmoja, mkaanza kula pilau pamoja mara moja kwa wiki kwa zamu, leo mwenyeji wewe, kesho mwenzio, na mtaendelea hivyo mpaka mpelekane makaburini. Hujiungi, unajikuta umo. Na hutoki. Wanaotoka ni wa aina mbili tu, aliyekwenda Urusi kutafuta maisha na aliyekufa, na huyo wa Urusi akirudi likizo hukuta nafasi yake kwenye mkeka haijakaliwa.

Ya kwao ilianza na watu kumi. Wanne walikuwa Urusi. Wawili walishazikwa, wote kwa unga. Walibaki wanne, na kwa kuwa kwetu pilau huliwa wawili wawili kwenye sinia moja, Tolib muuza matofali, ambaye ndiye mkuu wao, alikula na Bakir dereva wa teksi, na Ergash alikula na Shavkat. Ilikuwa hivyo tangu utoto. Ukimwona Ergash, mtafute Shavkat nyuma yake. Hata unga wenyewe waliuonja pamoja, wana miaka ishirini na miwili, wakicheka kama watu wanaoiba mapera.

Tolib na Bakir hawakuwa mateja. Wao ni vodka kidogo na kelele nyingi. Lakini kila Alhamisi, nyama ikianza kukaangwa, Shavkat alikuwa akiinuka, anamgusa Ergash begani, anasema, "Twende nje kidogo." Ni hayo tu. Wakirudi macho yamelegea, wenzao waliwasogezea chai kana kwamba jamaa walitoka kujisaidia.

Mara ya kwanza kuacha, Ergash alijiona mjanja: nitakwenda, nitakunywa chai yangu, nitarudi nyumbani. Alidumu Alhamisi tano. Mara ya pili akaona heri asiende kabisa. Sasa, gashtaki yao ilikuwa na sheria waliyojitungia wakiwa na miaka kumi na sita, na siku hiyo waliiona tamu sana: asiyefika, zamu inayofuata ni yake. Kwa hiyo kadiri Ergash alivyokimbia, ndivyo pilau ilivyomfuata. Siku moja akasikia mlango unagongwa, wako kizingitini watatu, Bakir na paja la kondoo begani. "Mwenye zamu yupo? Tumekuja kuila!" Mgeni aliyefika na nyama yake mwenyewe utamfukuzaje? Wakaingia. Na Shavkat akaingia nao, na nyama ilipoanza kukaangwa akamgusa mtu begani.

Ndipo kuacha kwa tatu kukaja, katikati ya baridi, baada ya arosto iliyomlaza siku tisa mkewe Oyniso akimbadilishia shuka kama mtoto. Kwenye kituo cha dawa kulikuwa na muuguzi, binti wa Kikirgizi aitwaye Gulzat, mwenye maneno machache na kikohozi kisichoisha. Akampa karatasi.

"Andika majina ya watu uliokuwa unakula nao. Siyo wa nyumbani. Wa nje."

Ergash akaandika. Haikuchukua muda.

"Watatu tu?"

"Ndo hao."

"Sasa hao uwabadilishe."

Ergash akacheka mpaka akajishika mbavu, ambazo bado zilikuwa zinauma. "Dada Gulzat, si uniambie tu nibadilishe wajomba!"

"Wajomba zako wanakula unga?"

"Hapana."

"Basi hao waache." Akakohoa, akafunga daftari. "Dawa nimekupa, kaka. Watu sina, stoo yangu haina. Katafute."

Katafute! Ergash akatoka na neno hilo akilitafuna njia nzima. Mtu wa miaka thelathini na minane anatafutaje marafiki? Bati alijua kulitafuta. Mke alitafutiwa na mama yake. Lakini marafiki hakuwahi kuwatafuta maishani. Walikuwepo tu, kama mlima ulivyopo katikati ya mji. Na kadiri alivyofikiri, ndivyo alivyogundua kitu kingine kilichomshangaza zaidi. Hakujua watu wengine huongea nini. Kweli kabisa. Watu wanaokaa saa nne kwenye mkeka, hakuna anayetoka nje, wanafanya nini saa zote hizo? Wanacheka nini? Miaka kumi na sita yeye alikuwa ameikalia nusu ya kwanza ya pilau akingoja kuguswa begani, na nusu ya pili akisinzia. Katikati hapo watu husema nini?

Hamu ya kujua ikamshika. Na aliyeshikwa na hamu hakosi mlango, hasa akiwa fundi wa mabomba ya moshi.

Ile nyumba kubwa ya chai iliyo ukingoni mwa mto ina vyumba kumi na kimoja, ambavyo gashtaki nyingi hukodi kulia pilau, na kila chumba kina jiko lake la chuma, na majira ya baridi yakiisha mabomba yote huwa yameziba masizi. Ergash akaiomba kazi hiyo. Ni kazi ya siku nne. Yeye aliifanya wiki saba.

"Fundi, bado tu?" mwenye nyumba aliuliza.

"Moshi wenu mbishi, bwana. Unahitaji subira."

Basi akawa anapanda ngazi, anaingiza kichwa palipo bomba, na masikio anayaacha chini. Jumatatu aliwasikiliza wafuga kware, ambao walizungumzia kware tangu chai ya kwanza hadi mfupa wa mwisho, na mmoja alilia machozi kwa ajili ya kware aliyekufa miaka minne iliyopita. Jumanne walimu waligombana saa nzima kuhusu upana wa mto enzi za babu zao, mpaka wawili wakatoka kwenda kuupima kwa kamba, wakarudi wamelowa magoti, na ugomvi ukaanza upya. Ijumaa kulikuwa na wacha Mungu ambao kila mmoja alimsahihisha mwenzake jinsi ya kukaa, na Ergash juu ya ngazi akajikuta anakunja miguu vizuri.

Jioni alimsimulia Oyniso kila kitu.

"Unajua walipotoka nje walikwenda wapi? Kupima mto! Kwa kamba!"

"Wewe mwanaume," Oyniso alisema, huku akimenya kitunguu, "unaongea kama umetoka safari ya mbali."

"Lakini kwa nini wapime mto, Oyniso?"

"Kwa nini wasipime?"

Swali hilo akalala nalo.

Sasa wale wa Jumapili mchana. Hao walikuwa wazee, mdogo wao ana miaka sitini na moja, na mkuu wao ni Mamasidiq, aliyeendesha malori ya mizigo ya njia za milimani tangu ujana mpaka mgongo ukakataa. Walikuwa kumi, wakabaki tisa. Mmoja wao, Yunus, alifariki mwaka uliotangulia, na huyo Yunus ndiye aliyekuwa mkata karoti wao. Msomaji asidharau. Pilau ya Osh ni karoti kama ilivyo mchele, na karoti hukatwa kwa kisu, nyembamba, ndefu, zote sawa. Ukileta mashine watu watakula, lakini watakusema mpaka kwa wakwe zako.

"Hizi ni karoti au kuni?" sauti moja ilisema chini ya ngazi.

"Kata wewe basi!"

"Mimi nina jicho moja, nitakata kidole."

"Yunus alikuwa na vidole vitatu tu na karoti zake zilikuwa kama nyuzi!"

"Mfufue basi, mie sina nguvu hizo!"

Ergash, uso mweusi wa masizi, akashindwa kujizuia. "Wazee wangu, mnasukuma kisu. Karoti haisukumwi. Kisu kinavutwa."

Vichwa tisa vikaangalia dari.

"Nani huyo anaongea kwenye bomba?" akauliza yule wa jicho moja.

Wakamteremsha. Akanawa mikono mara tatu mpaka maji yakawa meupe, akakaa, akavuta kisu. Anayejua kukata bati kwa mstari hashindwi na karoti. Mikono ile ilikuwa imetetemeka majira yote ya baridi, na sasa ikawa inashusha nyuzi za rangi ya machungwa moja baada ya nyingine, na wazee tisa wameinama juu yake kama watu wanaotazama saa ikitengenezwa. Pilau ilipoiva, Mamasidiq, ambaye tangu Yunus afe alikuwa akila sinia peke yake, akapigapiga mkeka kando yake.

"Kaa hapa, mdogo wangu."

Ergash akabaki amesimama. "Kabla sijala nanyi mjue. Mimi nilikuwa teja. Huu mwezi wa tatu sijagusa."

Wazee wakatazamana. Yule wa jicho moja akamega mkate. "Mimi nilikuwa mkomunisti," akasema. "Kula, pilau inapoa."

Alikaa saa nne. Alijua yatakuwa mazungumzo ya kuchosha, na kweli mengine yalichosha. Lakini Mamasidiq alisimulia jinsi alivyovusha mbuzi mmoja mlimani, amekaa kiti cha mbele kwa kuwa nyuma pamejaa saruji, na askari wa kizuizi cha barabarani alivyodai kitambulisho cha yule abiria mwenye ndevu. Wenzake walishaisikia mara mia na bado kila mmoja alimrekebisha rangi ya mbuzi. Ergash akacheka. Akashtuka kujisikia. Ilikuwa sauti yake, imetoka yenyewe, mikono ipo kwenye sinia.

Akaja Jumapili iliyofuata, na nyingine, na mabomba ya nyumba ile yalikwisha kutengenezwa zamani. Mpaka siku moja Mamasidiq akamuuliza taratibu, wengine wakipiga soga, "Wewe una gashtaki yako?"

"Ninayo."

"Umewaaga?"

"Sijawaaga. Nimeacha tu kwenda, na wakigonga kwangu mke wangu huwaambia sipo."

Mzee akafuta vidole. "Mtu hali kwenye mikeka miwili, mdogo wangu. Wape pilau, waombe radhi, utoke kwa mlango. Wewe ukiwatoka wenzako kimyakimya, sisi nasi tutakula tukiangalia dirisha, tukingoja ututoroke vilevile."

Maneno ya haki hayo, na Ergash yalimwingia kama baridi. Kuaga maana yake kuandaa. Kuandaa ni saa nne, mlango umefungwa, nyama inakaangwa, na Shavkat yupo chumbani. Alijijua. Angetoka nje. Asipoaga, anapoteza mkeka wa Jumapili, ambao ndio pekee uliomweka hai; akiaga, huenda asifike huko Jumapili.

Gulzat alipoambiwa alikohoa kwanza. "Usikanyage."

"Ni desturi."

"Na wale wenzako wawili walizikwa kwa desturi pia."

Oyniso akasema, "Nitapika mimi, upeleke sufuria kwao, ukimbie."

"Pilau ya kuaga haitumwi kama barua."

Wiki mbili alihangaika hivyo. Kisha jirani akaoa, na kama ilivyo desturi, mchinjo na sufuria vikaanza usiku, na baada ya sala ya alfajiri wanaume wakaja kula pilau ya harusi. Ergash alikuwa mmoja wa waliobeba masinia. Kundi la kwanza likaingia, likanawa, likala, likainua mikono kuomba dua, likatoka, na kundi la pili lilishakuwa limesimama getini, linakohoa ili wa kwanza wasijisahau. Nusu saa. Pilau ya alfajiri hakuna anayeikalia. Anayeikalia huonekana hana kazi wala haya. Ergash akasimama na sinia mkononi kama mtu aliyeitwa jina lake. Nusu saa! Na chai ya kwanza tu, vodka hakuna, na nje ndiko wanakokwenda wote.

Akaenda kwa Tolib kwenye yadi ya matofali.

"Jumamosi, baada ya sala ya alfajiri, karibuni kwangu pilau."

Tolib akamkodolea macho. "Miezi mitano hujaonekana! Alfajiri? Nani anaoa?"

"Hakuna."

"Nani kafa?"

"Hakuna, mshikaji."

"Sasa pilau ya alfajiri ya nini, we mwenda wazimu?"

"Ya kuaga."

"Ahaa. Urusi."

"Mtaa wa pili."

Tolib akafikiri ni mzaha, akacheka, na akaja. Wote watatu walikuja. Jua lilikuwa bado, matunda ya mforsadi yaliyoiva yanadondoka uani, pu, pu, juu ya mkeka. Shavkat alikuwa amenyoa, amevaa kofia mpya iliyotariziwa, na shingo yake ilikuwa nyembamba hata kola ya shati haikuigusa. Mtu alikuwa amejipamba.

Mwenye nyumba hakai na wageni wa alfajiri; anahudumia. Kwa hiyo Tolib na Bakir walikula sinia moja, na Shavkat alikula yake peke yake, punje kwa punje. Walipomaliza, Ergash akapiga goti ukingoni mwa mkeka.

"Nimekula nanyi miaka ishirini na miwili. Kama nimewakosea, mniwie radhi. Leo nawaaga."

"We Ergash, tumekukosea nini?" Tolib sauti ilipanda. "Tumekunyima? Tumekutukana? Mama yako alipolazwa nani alimbeba?"

"Wewe ulimbeba. Hamkunikosea. Ila nikiendelea kukaa nanyi nitakufa, Tolib. Nitakuwa wa tatu."

Bakir akatazama chini. Tolib akapangusa tunda lililodondoka kwenye goti lake. "Ungesema mapema," akasema mwishowe.

"Ungenisikia?"

Getini watu wakakohoa. Wazee wa Jumapili, aliowaalika wawe kundi la pili, walikuwa wamefika, tisa, kofia zimenyooka. Tolib akainua mikono, akaomba dua fupi, akajipangusa uso, na alipopita akamkumbatia Ergash kwa nguvu zaidi kidogo kuliko kawaida. Bakir naye hivyohivyo. Wakatoka.

Shavkat alibaki kwenye pembe ya ukuta, karibu na banda la vifaa. Ergash alikuwa ameshika birika mkono mmoja na beseni mkono mwingine, anawaendea wazee kuwanawisha, na njia ilipita hapohapo.

"Twende nje kidogo," Shavkat akasema.

"Tuko nje, Shavkat."

"Acha zako. Dakika mbili." Mkono wake wa kulia ulikuwa umefumbwa. "Wewe umetupa pilau ya kuaga. Mimi nisikupe chochote? Nimekuletea. Ya mwisho. Zawadi hairudishwi, unajua."

Alijua. Kwetu hairudishwi. Na mwili ulijua zaidi: mate yalijaa mdomoni, akajua bila kuangalia kwamba mlango wa banda uko hatua nne na komeo lake halipigi kelele. Shavkat hakuwa anamtega. Hilo ndilo baya. Alikuwa amemletea kitu cha thamani kuliko vyote alivyokuwa navyo.

"Rudi mkekani," Ergash akasema. "Kula tena, na hawa. Fungua mkono nikunawishe."

"Ergash."

"Fungua, nakumwagia maji."

Akainamisha birika. Maji yakashuka juu ya ile ngumi, yakapita katikati ya vidole, yakateremka kifundoni, yakalowesha mkono wa shati na viatu. Shavkat hakuifungua. Ergash hakuacha kumimina. Wakasimama hivyo mpaka birika likalia tupu.

"Mimi nitakula na nani?" Shavkat akauliza.

Ergash, jamani, akaligeuza birika juu chini; likatoa tone moja.

"Mwenye nyumba!" sauti ya yule wa jicho moja ikaita kutoka getini. "Sisi tutanawa kwa mate?"

"Naongeza maji," Ergash akasema, hakujua anamwambia nani. Akageuka, akaenda kwenye bomba la uani, akajaza birika akiwa ameupa mgongo ukuta. Lilijaa taratibu kuliko siku zote. Aliporudi, pale kwenye pembe palikuwa na tope dogo, na nyayo zinatoka kuelekea barabarani. Akazitazama muda ambao mtu angeweza kuzifuata.

Kisha akawaendea wazee. Mamasidiq alikuwa wa kwanza, amekunja mikono ya shati. Ergash akamimina, na mdomo wa birika ukayumba hata maji yakaingia kwenye kwapa la mzee.

"Ya baridi," Mamasidiq akasema. Hakumtazama usoni. Akashika mdomo wa birika kwa vidole viwili, ukatulia, akanawa.